Nyumba ya Dola Laki Moja na Haki ya Kukaa Zanzibar

Mgeni anayenunua nyumba yenye thamani ya dola za Marekani 100,000 au zaidi, katika mradi wa makaazi uliokubaliwa na Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar (ZIPA), anastahiki kupatiwa kibali cha ukaazi, yeye mwenyewe, mume au mke wake, na watoto wao hadi wanne walio chini ya umri wa miaka 20. Kanuni hiyo moja imechangia sana kuinua majengo ya ghorofa huko Fumba na Paje kwa muda mfupi, imeleta madalali wanaozungumza lugha ambazo zamani tulizisikia hotelini tu, na imenipa mimi sehemu kubwa ya riziki yangu, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri mikataba na kukaa baina ya mnunuzi na wakili pale karatasi zinaposomwa. Nimezisoma karatasi hizo mbele ya Wajerumani, Wapolandi, Wakenya na watu wa Afrika Kusini, na nimezisoma pia mbele ya wazee waliozaliwa hapa hapa mjini ambao leo wanashika pasi za Oman au za Uingereza. Makala hii nimeiandika kwa ajili ya hao wa mwisho, ila hali yao haieleweki mpaka kwanza ifahamike ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Kinachouzwa si ardhi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Serikali ilitangaza kuwa ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, kisha ikaanza kuwagawia wakulima eka tatu tatu, mgao ambao hadi leo familia nyingi za mashamba zinautaja kama asili ya kila kitu walicho nacho. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 haikuubadilisha msingi huo. Iliuwekea utaratibu tu, kwamba Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia ardhi, na asiyekuwa Mzanzibari hukodishwa kwa muda maalumu na kwa ajili ya uwekezaji. Mwaka 2010 ikaja sheria inayomwezesha mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la pamoja, ikitenganisha umiliki wa vyumba vyake na ardhi iliyo chini yake. Kwa hivyo mtu anayerudi kwao akisema amenunua kipande cha Zanzibar, kwa mujibu wa karatasi zake, amenunua kuta, sakafu, na fungu lake katika ngazi, paa na bustani, juu ya ardhi iliyokodishwa kwa miaka ambayo matangazo mengi huitaja kuwa 99.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndipo penye maswali mengi na majibu machache. Mnunuzi huonyeshwa fleti ya mfano yenye kiyoyozi na jiko la marumaru, huonyeshwa picha ya machweo, na huambiwa kuwa atapata kibali cha kuishi. Ni nadra kuambiwa, bila ya yeye mwenyewe kuuliza, kwamba miaka hiyo 99 huhesabiwa tangu mwenye mradi alipokodishwa ardhi na Serikali, wala si tangu siku yeye alipotia saini. Hakumbushwi pia kwamba kuna ada ya kila mwezi ya huduma za jengo, itakayolipwa hata mwaka ambao nyumba imefungwa na ufunguo uko Hamburg. Na kama jengo bado halijasimama, anachonunua ni ramani, ambayo huilipia kwa mafungu kadiri ghorofa zinavyopanda. Na lini katika mafungu hayo kibali kinaweza kuombwa ni swali ambalo nimeona likijibiwa kwa namna tofauti na watu waliokaa meza moja. Ninachowaambia wote ni kimoja: jibu hilo liandikwe ndani ya mkataba, kwa sababu lililosemwa kwa mdomo halitamfuata muuzaji akihama kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalielewi kwa urahisi, na hata sisi wenyeji huwa tunalipita bila kulitafakari. Ardhi ya Zanzibar ni jambo la Zanzibar, lakini uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, yamo katika orodha iliyoambatanishwa na Katiba ya 1977. Nyumba inauzwa chini ya sheria zilizotungwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Kibali cha ukaazi kinatolewa chini ya Sheria ya Uhamiaji iliyotungwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano. ZIPA inakusanya maofisa wa idara mbalimbali mahali pamoja, Uhamiaji wakiwemo, ili mwekezaji asizunguke mji mzima na bahasha mkononi, na kwa hilo inastahiki sifa. Hata hivyo kukaa jengo moja hakuzifanyi mamlaka mbili kuwa moja. ZIPA inaweza kuthibitisha kwamba mtu fulani amenunua nyumba inayokidhi masharti, lakini uamuzi wa nani akae na nani asikae ni wa Uhamiaji, nao wana haki ya kuuliza maswali ambayo dalali hakuyataja.

Kibali chenyewe kina mipaka. Kina muda, na muda ukimalizika hakina budi kuhuishwa. Hakimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa, kwani kufanya kazi kunahitaji kibali chake mbali. Kimefungamana na nyumba: akiiuza, sababu ya kupewa kibali inakuwa imekwisha. Wala hakimfanyi mtu kuwa raia. Uraia wa kuomba, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, unamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na aukane uraia aliokuwa nao. Nimesikia mara nyingi watu wakiuzungumzia mpango huu kana kwamba Zanzibar inauza pasi, na si kweli. Inauza nyumba, na pamoja na nyumba inatoa ruhusa ya kukaa ndani yake.

Jambo hili la kutoa ruhusa ya kukaa kwa anayewekeza, ambalo wengi hulijua kwa jina la viza ya dhahabu, halikuanzia kwetu. Ureno ndiyo iliyofanya jina lake livume zaidi, pale ilipoanzisha mpango wake Oktoba 2012, katikati ya msukosuko wa madeni, wakati Serikali ya Lisbon ilikuwa ikiishi kwa mkopo wa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Sharti lililopendwa na wengi lilikuwa kununua nyumba ya euro 500,000, na mnunuzi hakulazimika kukaa nchini zaidi ya wastani wa siku saba kwa mwaka, kisha baada ya miaka mitano aliweza kuomba uraia. Katika muda wa takriban miaka 11 zilitolewa ruhusa zaidi ya 12,000, bila kuhesabu wanafamilia, na sehemu kubwa mno ilipitia katika ununuzi wa nyumba. Nyumba hizo hazikujengwa mahali papya. Nyingi zilikuwa ndani ya Lisbon na Porto, katika mitaa ile ile ambamo walimu, wauguzi na wastaafu walikuwa wakipanga. Kodi zilipopanda, lawama zikaelekezwa kwenye mpango huo pamoja na nyumba zilizogeuzwa malazi ya watalii, na kwa sheria ya Oktoba 2023 Ureno ikauondoa ununuzi wa nyumba katika orodha ya njia zinazokubalika, ikibakisha nyingine kama vile kuweka fedha katika mifuko ya uwekezaji. Uhispania, iliyoanza 2013 kwa kiwango hicho hicho cha euro 500,000, ilifunga mpango wake wote Aprili 2025. Uingereza ilikuwa imeshafunga wake Februari 2022, kwa wasiwasi juu ya asili ya fedha za baadhi ya waliopita humo.

Wapo wanaoitaja mifano hiyo wakisema tuufunge na wetu. Sikubaliani nao, na sababu ninayo. Kosa kubwa la Lisbon lilikuwa kumruhusu mtu kutoka nje kushindana na mwenyeji juu ya nyumba moja. Mpango wa Zanzibar umefungwa katika miradi mipya iliyokubaliwa. Mtu hapati kibali kwa njia hii kwa kununua nyumba ya urithi ya familia pale Shangani au Malindi. Fumba ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi tangu miaka ya 1990, ikakaa miaka mingi bila ya kufanyika kikubwa, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni uwanda, yaani mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo kidogo, ambapo mhogo wenyewe hukua kwa shida. Kujenga mji mpya juu ya uwanda, wenye barabara, mifereji na taa, ni bora kuliko kuuza mitaa ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Visiwa vinavyoongeza zaidi ya watu nusu milioni kwa miaka kumi haviwezi kukwepa kujenga kwenda juu, awe anayejenga ni nani. Fleti si jambo geni kwetu: Michenzani, Kikwajuni na Kilimani zimesimama nusu karne sasa. Tofauti ni kwamba zile zilijengwa ili wapewe wananchi.

Ila hoja yangu hiyo ina nguvu Fumba kuliko Paje. Ukanda wa mashariki hauko kama uwanda usio na watu. Kilimo cha mwani kilianza Paje mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji jirani wamejisomeshea watoto kwa vigingi na kamba zilizofungwa baina ya maji kupwa na maji kujaa. Mwani unahitaji njia ya kushukia pwani na mahali pa kuanikia. Jengo la ghorofa nne halimfukuzi mtu kwa maneno, lakini likizungushiwa ukuta, mwanamke aliyekuwa akitoka nyumbani na kapu lake na kufika baharini kwa dakika chache sasa huzunguka hadi kwenye kichochoro kilichobakishwa, akirudi na mzigo wa mwani mbichi unaochuruzika maji mgongoni. Nimemsikia mwenye mradi mmoja akijibu malalamiko hayo kwa kusema kuwa njia ipo katika ramani. Ipo kweli, nimeiona. Imepimwa kwa upana wa mtu mmoja, na mwani haubebwi na mtu mmoja mmoja wakati wa mavuno. Kama kibali cha ukaazi ni zawadi ya umma kwa mwekezaji, basi masharti ya mradi unaozaa vibali hivyo yanaweza kabisa kutaja upana wa njia ya pwani, na kiwanja cha kuanikia, kabla ya jiwe la msingi.

Suala la asili ya fedha nalipita kwa haraka, ingawa si dogo. Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, mwezi wa Oktoba 2022, na ikatolewa Juni 2025 baada ya kurekebisha mengi. Biashara ya nyumba ni mlango unaojulikana kila nchi kwa fedha zenye asili mbaya. Mnunuzi anayeona ni usumbufu kuulizwa fedha zake zimetoka wapi anapaswa kujua kwamba swali hilo linamlinda na yeye pia, kwa kuwa thamani ya fleti yake itategemea jirani zake ni nani.

Sasa niwaeleze wale niliosema nimeandika kwa ajili yao.

Alikuja bibi mmoja kutoka Maskati, amevaa buibui la kizamani, na mwanawe wa kiume aliyekuwa akijibu simu kwa Kiarabu kila baada ya dakika chache. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Mji Mkongwe iliyo safi kuliko yangu. Alizaliwa Malindi. Aliondoka akiwa msichana, baada ya 1964, pamoja na wazazi wake. Baadaye, Sultani Qaboos alipokwisha kushika madaraka 1970 na kuwaita wenye asili ya huko warejee, familia ikahamia Oman na kupewa uraia. Tangu zamani hizo sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayechukua wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania. Kwa hiyo mbele ya meza ile bibi yule alikuwa raia wa kigeni anayetaka kununua fleti ya vyumba viwili, sawasawa na Mpolandi aliyetoka nusu saa kabla yake.

Dalali, kijana mwenye adabu, alianza kumweleza habari za Fumba kana kwamba anamweleza mtu asiyewahi kufika kisiwani. Bibi alimwacha amalize, kisha akauliza maji ya kunywa yanatoka wapi, maana anavyokumbuka Fumba ni uwanda na visima vyake vilikuwa na chumvi. Kijana alisema maji yapo. Bibi akauliza tena, yanatoka wapi. Ikabidi apigiwe simu fundi. Kati ya wanunuzi wote niliowahi kukaa nao, sikumbuki mwingine aliyeliuliza swali hilo kabla ya kuuliza habari za bwawa la kuogelea.

Tulipofika kwenye ukurasa wa kibali nilimsomea polepole. Alinisimamisha.

“Mwanangu, yaani nikiuza nyumba hii, ruhusa yangu ya kukaa nayo imekwisha?”

“Naam, bibi. Kibali kinafuata nyumba.”

“Na nikifa, mwanangu huyu aliyekaa hapa?”

Nilimweleza kwamba haki yake katika nyumba inaweza kurithiwa, lakini kibali ni cha aliyepewa. Watoto wanaoingia katika kibali cha mzazi ni wale wadogo, na mwanawe ana miaka zaidi ya 40. Akamtazama mwanawe, ambaye kwa mara ya kwanza aliiweka simu mezani. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na la kulijibu katika karatasi zangu: kwamba hakuja kuwekeza, kwamba fedha zile ni akiba ya marehemu mumewe, na kwamba kama kungekuwa na karatasi nyingine ya mtu aliyezaliwa Malindi, angelipia hiyo.

Karatasi hiyo ndiyo ninayoitaka mimi, na nasema waziwazi kwamba kuikosa kwake ni jambo linalonikera. Mpango wa dola 100,000 ni mpango ulioandikwa vizuri kiasi: una kiwango kinachojulikana, una ofisi, una fomu, una mtu wa kuulizwa. Mwenye fedha asiyewahi kukanyaga Unguja anajua aanzie wapi na atamalizia wapi. Aliyezaliwa hapa na kupoteza uraia, ambaye kaburi la bibi yake liko hapa, mwenye binamu Mwembetanga na shamba la karafuu la mjomba huko Pemba linalolimwa na watu wengine, kwa miaka mingi hakuwa na njia yake. Aliingia kwa viza ya matembezi kama watalii, akahesabu siku, akatoka. Mwenye uwezo alinunua fleti. Asiye na uwezo, na hao ni wengi, maana si kila aliyekwenda Maskati, Dubai, London au Toronto alitajirika, alibaki na siku zake 90.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuidharau. Zipo familia zilizopewa eka tatu katika mashamba yaliyokuwa ya watu wengine, na kila yanapozungumzwa mambo ya waliotoka kurudi, hofu huingia kwamba nyuma ya kurudi kutafuata madai. Hofu hiyo ina historia yake na haiondoki kwa kuambiwa tu kwamba haina msingi. Lakini hebu itazamwe mbele ya mpango huu wenyewe. Tumeshakubali kwamba mgeni akae Zanzibar bila ya kumiliki ardhi, kwa kumpa kibali kinachohusu nyumba yake tu na kisichogusa shamba la mtu yeyote. Kama tuliweza kulitenganisha jambo la kukaa na jambo la ardhi kwa ajili ya Mpolandi, hatuwezi kusema kuwa haiwezekani kulitenganisha kwa ajili ya bibi wa Malindi. Niongeze kwamba hata Mtanzania wa Bara asiyekuwa Mzanzibari hulalamika kila mara juu ya masharti ya ardhi ya Zanzibar. Kwa hiyo tunajua vizuri kabisa jinsi ya kumkaribisha mtu aishi bila kumkabidhi shamba.

Hatua moja kubwa imepigwa. Mwaka 2025 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha marekebisho yanayoanzisha hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine, na yakagusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Hadhi hiyo si uraia pacha ambao wanadiaspora wameuomba kwa miaka mingi, na wapo waliovunjika moyo kwa sababu hiyo. Mimi naiona kuwa ni mlango wa kweli, kwa kuwa kwa mara ya kwanza sheria inautambua uhusiano wa damu na mahali kuwa sababu ya kumruhusu mtu akae, bila ya kumtaka kwanza aonyeshe risiti ya benki. Kwa upande wa Uhamiaji, mlango huo unawahusu wa Bara na wa Visiwani kwa pamoja, kwani uhamiaji ni wa Muungano.

Kwa upande wa ardhi hauwahusu wa Visiwani. Sheria ya Ardhi iliyorekebishwa ni ya Tanzania Bara, na haivuki bahari. Aliyezaliwa Moshi na kuchukua uraia wa Kanada anaweza, kwa hadhi hiyo, kutazamia haki fulani katika ardhi ya kwao. Aliyezaliwa Wete na kuchukua uraia huo huo ni lazima asubiri sheria ya Zanzibar iseme, kwa kuwa hakuna chombo kingine chenye uwezo wa kuisemea ardhi ya Zanzibar ila Baraza la Wawakilishi. Wakati anasubiri, njia iliyo wazi na yenye maelezo kamili mbele yake ni ile ile ya dola 100,000.

Ninachopendekeza hakihitaji kubomoa chochote kilichojengwa. Kwanza, mwenye hadhi maalumu ambaye asili yake ni Zanzibar aruhusiwe kununua au kupanga kwa muda mrefu fleti au nyumba moja ya kuishi, ya thamani yoyote, bila ya sharti la kiwango cha uwekezaji, kwa kuwa ruhusa yake ya kukaa haitokani na nyumba. Mzee mwenye pensheni ndogo kutoka Birmingham aweze kununua vyumba viwili Kiembesamaki kwa fedha alizo nazo, bila kusukumwa kwenye mradi wa ufukweni ambao hakuuomba. Pili, sheria iseme kwa maneno yasiyo na utata kwamba ruhusa hiyo haifufui dai lolote juu ya mali iliyotaifishwa au ardhi iliyogawiwa; hilo litawatuliza wenye eka tatu, na naamini wengi wa wanaotaka kurudi watalikubali bila ya kinyongo, kwa sababu nimewauliza. Tatu, Serikali itangaze kila mwaka ni vibali vingapi vya ukaazi vimetolewa kwa njia ya ununuzi wa nyumba, katika miradi ipi, na nyumba ngapi kati ya hizo zinakaliwa. Ureno iliweza kubishana na kuamua kwa sababu takwimu za kila mwezi zilikuwa zikitolewa hadharani. Sisi tunabishana kwa picha za matangazo.

Ugumu uliobaki ni wa ushahidi, na ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Wengi waliotoka miaka ya 1960 waliondoka bila ya cheti, na wengine majina yao yalibadilika njiani, wakaandikwa kwa ukoo huko Oman ilhali hapa walijulikana kwa jina la baba na la babu. Ukimtaka mtu kama huyo alete cheti cha kuzaliwa chenye jina lililo kwenye pasi yake, utakuwa umempa haki kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mwingine. Hapa Zanzibar tunao utaratibu wa siku nyingi wa kuthibitisha mtu ni nani na ametoka wapi: barua ya sheha na ushahidi wa wazee wanaomjua. Kanuni za utekelezaji ziukubali ushahidi huo pale cheti kinapokosekana, ukiambatana na kiapo, na ziweke adhabu kali kwa atakayeshuhudia uongo. Wazee wa Malindi na wa Wete wanaoweza kusema “huyu ni mtoto wa fulani” bado wapo, na baadhi yao wana umri wa miaka 80 na zaidi, jambo ambalo linafaa kuzingatiwa na wale watakaopanga muswada wa sheria ninayoipendekeza uingie katika kikao kipi cha Baraza.